Usigombane na Tarehe ya Kamera

  Mwezi huu naomba tuzungumzie vinamba vidogo vyekundu ambavyo vimejaa kwenye albamu zetu na wengi hatujawahi kuvitilia maanani. Chukua albamu ya familia, fungua picha za miaka ya 1990 au za mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu angalia kona ya chini kulia. Umeviona? '97 8 16. Au 24 12 '03. Vinawaka pale chini kama kaa la moto, mara juu ya kiatu cha mjomba, mara juu ya sahani ya pilau.

Vinamba hivyo havikuandikwa na fundi wa studio. Viliandikwa na kamera yenyewe, palepale kwenye mkanda, sekunde ile ile picha ilipopigwa. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa databeki, yaani mlango wa nyuma wa kamera wenye saa ndani yake.

Utauliza, dada mhariri, sasa hivi nani anapiga picha za mkanda? Wengi tu! Tembelea send-off au fungate za vijana wa siku hizi, utakuta kamera ya marehemu babu imefufuliwa, betri mpya imewekwa, bwana na bibi harusi wanapigana picha moja moja kwa mahesabu kwa sababu mkanda una picha 36 tu. Tena wengi wanaitafuta hasa ile yenye tarehe, kwa kuwa inaipa picha ladha ya zamani. Hilo halina ubaya. Tatizo linakuja pale tarehe inaposema jambo ambalo si kweli, na mtu akaiamini kuliko anavyomwamini mwenzi wake. Nimeona nyumba ikitikisika kwa ajili ya vinamba hivi, na nitakusimulia. Kwanza tuelewe vinatoka wapi.

VINAMBA VINATOKA WAPI?

Hamu ya kuandika tarehe kwenye picha ni ya siku nyingi. Mwaka 1914 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera zenye kidirisha kidogo nyuma. Ukishapiga picha unafungua kidirisha, unachukua kalamu ya chuma iliyokuja na kamera, unaandika kwa mkono wako: jina la mahali, tarehe, au chochote. Maandishi yale yalitokea kwenye mkanda, katika nafasi iliyopo kati ya picha na picha. Aliyebuni utaratibu huo ni Mmarekani Henry Gaisman, na Kodak walimlipa dola 300,000 kwa ubunifu wake. Kwa wakati ule hizo zilikuwa hela za kutisha! Utaratibu huo ulidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukaachwa.

Baadaye Wajapani wakalichukua wazo hilo kwa namna nyingine. Mwaka 1974 Canon walitoa kamera iliyoitwa Datematic, ambayo mwenyewe unazungusha namba za tarehe kwa mkono, na kamera inazipiga kwenye picha. Sasa hapo tatizo unalijua. Ukisahau kuzungusha, picha za Pasaka zinatoka na tarehe ya Krismasi. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kamera zilianza kuwekewa saa ya kwatzi na kalenda inayojiendesha yenyewe. Ukiona kamera imeandikwa Quartz Date, au jina lake linaishia na herufi QD kama zilivyo baadhi ya Olympus, ujue ni ya ukoo huo.

Kwa wale wenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, databeki iliuzwa peke yake. Unachomoa mlango wa kawaida wa nyuma, unapachika huu wa kuandika tarehe. Nikon walikuwa na MF-16, iliyokaa kwenye FM2, FE2 na FA. Canon walikuwa na Data Back A kwa ajili ya kamera kama AE-1 na A-1. Olympus walikuwa na Recordata kwa kamera zao za OM. Hapa angalizo: kila databeki ina kamera zake. Ukiiona inauzwa peke yake usinunue kwa kuvutiwa na sura, uliza kwanza kama inaingia kwenye kamera uliyonayo.

Inavyofanya kazi si uchawi. Ndani ya ule mlango kuna kitundu kidogo na taa ndogo. Ukibonyeza kupiga, mwanga wa mandhari unaingia kwa mbele kupitia lenzi, na ile taa inamulika vinamba kutokea nyuma, kupitia mgongo wa mkanda. Mkanda wa rangi una matabaka, na lile linaloitikia mwanga mwekundu ndilo lililo karibu zaidi na mgongo. Kwa hiyo mwanga unaotokea nyuma unaligusa lile kwanza, na hiyo ni sababu mojawapo ya vinamba kutoka vyekundu au rangi ya chungwa. Kwenye mkanda wa picha nyeusi na nyeupe vinatoka vyeupe.

Ukishaelewa hilo unaelewa pia kwa nini mara nyingine tarehe haionekani. Vinamba ni mwanga, na mwanga juu ya mwanga hauonekani. Kona ile ya chini ikiangukia kwenye shela jeupe, mchanga wa Coco Beach saa sita mchana au anga kali, vinamba vinamezwa. Vinapenda giza: suti nyeusi, kivuli, zulia. Na ukisimamisha kamera wima, tarehe nayo inalala ubavu.

Jambo la mwisho hapa, na ndilo kubwa kuliko yote: tarehe ile ikishapigwa haifutiki. Imeingia kwenye mkanda wenyewe, kila nakala utakayosafisha itatoka nayo. Ndiyo maana watu wanaiona kama ushahidi. "Si imeandikwa hapa!" Ni kweli imeandikwa. Lakini kamera inaandika kile ambacho saa yake inasema, na saa ile kuna binadamu aliyeitega.

KISA CHA TANO NA KUMI NA MBILI

Haya sasa, kisa chenyewe. Hawa ni wanandoa ninaowafahamu, na wamekubali niwasimulie bila majina. Walikuwa wanahama nyumba. Si unajua tena kuhama, kila kitu kinatoka mafichoni. Mke akakuta bahasha ya picha za mumewe za enzi za ujana, akakaa chini kwenye maboksi akaanza kuzipitia huku anacheka. Akafika kwenye picha moja kicheko kikakatika. Mume wake yuko ufukweni, amemshika kiuno msichana ambaye si yeye. Kona ya chini: 5 12 '06.

Mwaka 2006, mwezi wa nane, ndipo alipovishwa pete ya uchumba. Kwa hiyo tarehe 5 mwezi wa 12, mwaka huo huo, miezi minne baada ya pete, mchumba wake alikuwa ufukweni na mtu mwingine.

Akauliza, "Huyu nani?"

Mume, bila hata kuweka boksi chini, akajibu, "Ah, huyo binamu yangu."

We acha tu. Siku mbili nyumba ile hapakusemwa neno zaidi ya "chakula mezani". Siku ya tatu mume akaja kwangu analalamika kwamba mke wake anamsulubu kwa jambo la kabla ya uchumba. Nikamuuliza, kama ni la kabla mbona tarehe inasema Desemba? Akasema hajui, kamera yenyewe aliletewa na baba yake mdogo kutoka Marekani, hata kuitega hakuwahi, aliipokea ikiwa imeshategwa.

Hapo ndipo penye siri. Sisi huku tunaanza na siku, halafu mwezi: tano mwezi wa kumi na mbili. Wamarekani wanaanza na mwezi, halafu siku. Kwao 5 12 ni Mei, tarehe 12. Databeki nyingi zinakuruhusu kuchagua mpangilio: siku-mwezi-mwaka, mwezi-siku-mwaka, au mwaka-mwezi-siku. Mwaka unatambulika kwa kile kialama kidogo kinachoutangulia, kama hivi: '06. Ukiona mwaka umekaa mwanzo, usihangaike, kinachofuata ni mwezi kisha siku. Mwaka ukikaa mwisho, hapo kuwa makini, maana inaweza kusomeka kwa njia mbili.

Sasa utajuaje ipi ndiyo? Tafuta mkanda, yaani zile negativu. Zinyanyue kwenye mwanga wa dirisha uangalie picha nyingine za mkanda huo huo. Unachotafuta ni namba inayozidi 12. Wenzetu wale walizitafuta, zilikuwa ndani ya bahasha ile ile. Picha chache mbele kwenye mkanda huo kulikuwa na nyingine ya nyama choma na marafiki, imeandikwa 5 27 '06. Hakuna mwezi wa 27 duniani. Kwa hiyo 27 ni siku, 5 ni mwezi, na ile picha ya ufukweni ilipigwa tarehe 12 Mei 2006, miezi mitatu kabla ya pete.

Mume akashusha pumzi, akadhani mambo yamekwisha. Mke akamwambia hivi, na maneno haya nimeyakumbuka mpaka leo: "Mume wangu, mimi sikukuuliza mwezi. Nilikuuliza huyu nani, ukaniambia ni binamu yako."

Umeona? Kamera ilimsafisha, mdomo wake ukamchafua. Msichana yule alikuwa mpenzi wake wa zamani, kabla hawajafikia hatua ya uchumba, na mke wake alikuwa anajua kwamba kabla yake kulikuwa na mtu. Angesema ukweli dakika ile ile, tarehe ingekuwa jambo la kucheka. Aliposema uongo mdogo, vinamba vikageuka kuwa kesi. Ilibidi wakae chini usiku ule waongee, si kuhusu picha, bali kuhusu kwa nini mwanaume mzima aone uongo ndio njia ya mkato. Wapo pamoja mpaka leo, na ile picha ipo kwenye albamu, mke ndiye aliyeibandika. Chini yake ameandika kwa mkono wake, "Mei 2006, kabla yangu."

SAA TATU YETU SIO SAA TATU YA KAMERA

Tatizo la pili linatuhusu zaidi sisi tunaosema Kiswahili. Saa ya databeki inakwenda kwa masaa 24, na siku yake inageuka saa sita kamili usiku. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa tatu asubuhi yetu, kamera inaitaka iandikwe 9:00. Saa mbili usiku yetu, inaitaka iandikwe 20:00.

Watu wengi wanaitega tarehe vizuri lakini saa wanaiweka ilimradi, wakidhani haina maana kwa kuwa haitokei kwenye picha. Ina maana kubwa, maana ndiyo inayoamua tarehe igeuke lini. Tuchukulie bwana harusi anaitega kamera Ijumaa saa mbili usiku. Anaiandika 8:00 badala ya 20:00. Kamera inadhani ni asubuhi. Kwa hiyo usiku wa manane wa kamera utafika kesho yake saa sita mchana! Ndoa ikifungwa Jumamosi saa tano asubuhi, picha za kanisani au msikitini zinatoka na tarehe ya Ijumaa, na za ukumbini jioni zinatoka na tarehe ya Jumamosi. Mtu akiitazama albamu ile baada ya miaka ishirini atasema hawa walifunga ndoa leo wakafanya sherehe kesho.

Na yule aliyeitega saa tatu asubuhi akaandika 3:00, kamera yake iko nyuma masaa sita. Tarehe yake itageuka saa kumi na mbili alfajiri. Picha za mkesha zilizopigwa saa saba za usiku zitabaki na tarehe ya jana yake. Huyu angalau ana utetezi, maana hata sisi tukikesha tunahesabu kwamba siku haijaisha mpaka kumekucha!

Hata hapa kwetu mambo hayafanani. Kwa wazee wa mwambao, ukisema usiku wa Ijumaa una maana usiku wa kuamkia Ijumaa, ule ambao wengine wangeuita Alhamisi usiku, kwa sababu siku mpya inaanza jua likizama. Kamera haijui hayo. Picha ya usiku ule, kabla ya saa sita, itaandikwa tarehe ya Alhamisi. Wawili wanaweza kubishana kuhusu usiku mmoja, wote wakawa wanasema kweli.

KALENDA IMEISHA, MAISHA YANAENDELEA

Ukinunua kamera ya zamani leo utakutana na jambo la ajabu: unabonyeza kuongeza mwaka, unafika 2019, ukiongeza tena unarudi mwanzo. Waliozitengeneza kamera hizo miaka ya 1980 na 1990 waliziwekea kalenda yenye mwisho. Zipo zinazoishia 2019, zipo za 2029, na zipo zinazokwenda mpaka 2049. Walidhani, na huwezi kuwalaumu, kwamba mpaka miaka hiyo kamera itakuwa imeshaenda jalalani.

Dawa ipo. Kalenda yetu inajirudia kila baada ya miaka 28: siku za wiki zinaangukia tarehe zile zile, na mwaka wenye Februari 29 unalingana na mwenzake. Kwa hiyo unatega mwaka wa nyuma unaofanana. Kwa mwaka 2025 unatega 1997, kwa 2026 unatega 1998, kwa 2027 unatega 1999, na kwa 2028, ambao una Februari 29, unatega 2000, ambao nao ulikuwa nayo. Kamera itakwenda sawa, siku na mwezi vitakuwa sahihi, mwaka tu ndio utakuwa wa zamani.

Na wapo wanaopenda hivyo hivyo. Kuna programu ya simu iitwayo Huji Cam iliyovuma sana mwaka 2018, kazi yake ni kuifanya picha ya simu ifanane na ya mkanda, na tarehe inayobandika inasomeka mwaka '98. Watu wazima na akili zao wanalipa fedha ili picha ya leo ionekane ya enzi za mama zao!

Mimi sipingi raha za watu. Ila fikiria mbele kidogo. Bibi harusi aliyezaliwa mwaka 2001 anapigwa picha na mume wake, kona imeandikwa '98. Leo wote mnajua na mnacheka. Baada ya miaka thelathini picha ile itakuwa mikononi mwa mtoto au mjukuu, nanyi pengine hamko karibu kumweleza. Atahesabu kwa vidole atachanganyikiwa: mama alikuwa hajazaliwa, mbona yuko na shela? Anaweza kudhani ni mama mkubwa. Anaweza kudhani mengine. Familia zimeshagombana kwa makubwa yaliyoanzia kwenye madogo kama hayo, hasa pale wazee wanapoondoka na watu wakaanza kutafuta nani alioa lini na nani alizaliwa kabla ya ndoa.

KABLA HAMJAPIGA

Basi kama nyumbani mna kamera ya aina hii, au mnafikiria kununua, fanyeni yafuatayo. Nasema fanyeni kwa wingi, maana hii ni kazi ya wawili.

Kwanza, betri. Databeki nyingi zina betri yake ndogo ya mviringo, nyembamba kama sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2025, tofauti na betri ya kamera. Ikiisha, kamera nyingi zinaendelea kupiga picha kama kawaida, tarehe tu haitoki. Nyingine hazina betri ya pili, saa inategemea betri kubwa, na ukiibadilisha inabidi utege upya. Ukiona tarehe imerudi mwanzo kabisa wa kalenda, ujue umeme ulikatika.

Pili, kutega. Kuna vitufe vidogo sana, kwa kawaida vimeandikwa MODE, SELECT na SET. Tumia ncha ya kalamu, taratibu. Kimoja kinachagua mpangilio, kingine kinachagua namba ya kubadilisha, kingine kinaongeza. Tega mwaka, mwezi, siku, halafu saa kwa masaa 24 na dakika. Toa saa ya simu uilinganishe, msikisie.

Tatu, chagueni mpangilio mmoja na mshikamane nao. Ushauri wangu ni ule unaoanza na mwaka, kwa sababu hausomeki kwa njia mbili. Kwa siku ya harusi yenyewe kuna mpangilio mzuri ambao wengi hawaujui: siku, saa na dakika, bila mwezi wala mwaka. Utapata picha ya pete ikiwa na saa na dakika yake. Na kama kalenda ya kamera imeshaisha, mpangilio huo unakuondolea aibu ya mwaka.

Nne, angalieni kistari. Kwenye kamera nyingi, tarehe ikiwa tayari kupigwa kunakuwa na kistari kidogo juu ya namba, na ukipiga picha kinapepesa. Badala ya tarehe mkiona vistari vitatu tu, maana yake imezimwa. Kuzima si dhambi. Picha ya sura ya mpenzi wako kwa karibu haihitaji namba shavuni.

Tano, muonekano wa vinamba unategemea nguvu ya mkanda. Kamera nyingi za kisasa zaidi zinasoma zenyewe vile vibox vyeusi na vya fedha kwenye kopo la mkanda. Databeki nyingine za zamani zinataka utege mwenyewe. Ukikosea, vinamba vinatoka vimevimba kama vimemwagikiwa na maji, au havionekani kabisa.

Sita, mkishapeleka mkanda kusafishwa, daini negativu zenu. Siku hizi kuna wanaowapa picha kwenye simu tu na mkanda unabaki huko huko. Mmeona kwenye kile kisa kilichomwokoa mtu ni nini.

NA SIMU JE?

Najua wengine mnasema, mimi natumia simu, haya hayanihusu. Yanakuhusu. Simu yako nayo inaandika tarehe kwenye kila picha, ila imeificha ndani ya faili, huioni mpaka uitafute. Tofauti ni kwamba ya simu inapotea kirahisi. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa zile haziendi nayo. Picha ya mwaka 2015 inaweza kuingia kwenye simu ya mwenzako ikakaa pamoja na picha za leo, kana kwamba umeipiga leo. Mangapi yameanzia hapo? "Kumbe jana ulikuwa na fulani!" Kumbe ni picha ya zamani iliyotumwa upya kwenye grupu la shule.

Kwa hiyo sheria ni moja, iwe mkanda au simu. Tarehe ni maneno ya saa, na saa inaweza kuwa imetegwa Houston, imetegwa kwa saa ya Kiswahili, au imetegwa na mtu aliyekuwa na haraka. Ukiona kitu kinachokuumiza moyo, anza kwa kuuliza. Na wewe unayeulizwa, jibu ukweli hata kama unadhani unafanana na kosa. Vinamba vikikusingizia, negativu zitakutetea. Ukijisingizia mwenyewe kwa uongo, hakuna mkanda utakaokuokoa.

Halafu nunueni kalamu. Ndiyo, kalamu ya kawaida. Mkishapata picha zenu kaeni jioni moja, mkiwa na chai au kinywaji chenu, mwandike kwenye ukurasa wa albamu chini ya kila picha: nani yupo, wapi, mwezi gani, mwaka gani wa kweli. Msiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha yenyewe mkikandamiza, maana alama zinatokeza mbele, na wino unaweza kuchafua picha inayofuata. Kama kamera iko nyuma miaka 28, iandikeni wazi kwenye ukurasa wa kwanza: "Kamera hii mwaka wake si wa kweli." Sentensi moja tu, na mjukuu amepona.

Kodak walilijua hilo tangu mwaka 1914: walimpa mwenye picha kalamu aandike mwenyewe. Saa ilikuja baadaye kuturahisishia kazi, si kutusemea.

Haya, nawatakia mwezi mwema, wewe na huyo uliye naye. Kama kuna bahasha ya picha za zamani kabatini, itoeni wikiendi hii mzipitie mkiwa wawili. Tukutane hapa hapa mwezi ujao.